Zamu, Daraja na Maneno: Uimara na Udhaifu wa Gemu ya Kijapani ya Kuigiza Mhusika

Gemu ya kuigiza mhusika ni mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji hukabidhiwa mtu wa hadithini, akamwongoza kutoka kijiji hadi kijiji, akamnunulia silaha, akampambanisha na mazimwi na kumkuza kidogo kidogo kutoka unyonge hadi ushujaa, mpaka hadithi yenyewe ifike mwisho. Chimbuko lake si Japani. Kanuni za kupima nguvu za mhusika kwa namba ziliwekwa na mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, na kuanzia 1981 gemu za Ultima na Wizardry zikazipatia kanuni hizo umaarufu kwenye kompyuta. Kazi ya Wajapani ilikuwa kuuchukua mchezo huo wa watu wachache wenye mashine ghali na kuufanya uwe wa kila sebule. Mtunzi Yuji Horii, mchoraji Akira Toriyama na mwanamuziki Koichi Sugiyama walipoitoa Dragon Quest kupitia kampuni ya Enix tarehe 27 Mei 1986, kwa ajili ya mashine ya Famicom iliyochomekwa kwenye televisheni ya kawaida, waliweka kiolezo ambacho mamia ya gemu yamekifuata tangu hapo. Kampuni ya Square ilikuja na Final Fantasy mwaka 1987, na kampuni hizo mbili zikaungana mwaka 2003. Mkondo wa jadi unaojadiliwa hapa ni huo wa mapambano ya zamu, madaraja yanayopandwa kwa pointi, na hadithi ndefu inayosomwa zaidi kuliko inavyotazamwa.

Sifa hizo tatu ndizo zilizoujenga mkondo huo, na ndizo hizo hizo zinazouangusha. Aidha, ni makosa kudhani kwamba mchezo wa aina hii ni mgeni mno kwa msomaji wa Chiungutwa, kata ya Wilaya ya Masasi, au kwa mkazi wa Newala kule juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Mengi ya kanuni zake yangeeleweka huko haraka kuliko yalivyoeleweka Marekani, ambako Dragon Quest ilifika mwaka 1989 na kupokewa kwa ubaridi. Kilicho mbali na uwanda huo ni lugha ya gemu hizi, na pamoja na lugha, idadi ya saa zinazodaiwa na kila moja.

Uimara wa kwanza unaonekana katika chumba cha kwanza cha Dragon Quest, ambacho kinafaa kutazamwa kwa karibu. Shujaa amesimama mbele ya mfalme, mlango umefungwa, na sakafuni pana makasha matatu yenye sarafu 120, mwenge na ufunguo. Ili atoke, mchezaji hana budi kufungua orodha ya amri na kuchagua moja baada ya nyingine: kuzungumza, kuchukua, kufungua mlango, na hata kushuka ngazi, kwa kuwa katika toleo hilo la awali ngazi nayo ilihitaji amri yake. Atakapofika nje atakuwa amekwisha kujifunza karibu kila kitu atakachokihitaji kwa safari nzima, na hakuna aliyemhutubia. Kisha akipiga hatua chache anaiona ngome ya adui mkuu ng'ambo ya maji, karibu kiasi cha kuhesabu kuta zake, lakini njia ya kuifikia inazunguka dunia nzima ya gemu. Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu pale Newala, akatazama bonde la Ruvuma chini yake na ardhi ya Msumbiji upande wa pili, anaijua hali hiyo ya jicho kufika mapema na miguu kuchelewa. Horii aliijenga safari yote juu ya hisia hiyo moja, na kwa kuwa kaseti nzima ilikuwa na kilobaiti 64 tu, chini ya ukubwa wa picha moja ya kawaida ya simu, hakuwa na nafasi ya kuweka kingine.

Mapambano ya zamu ndiyo sehemu ambayo wengi huishambulia, na pengine ndiyo inayostahili kutetewa zaidi. Zimwi linapojitokeza, saa ya mchezo husimama: mchezaji huchagua kushambulia, kutumia uchawi, kujilinda au kutumia dawa aliyobeba, kisha adui naye hutenda, kisha zamu hurudi. Mashine husubiri dakika moja au saa nzima bila kulalamika. Vijana waliokulia kwenye gemu za mpira na za bunduki huiona hali hii kama uzembe, lakini mchezaji wa bao angeitambua mara moja. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila upande huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, hupita awamu ya namua kabla ya kuingia mtaji, na katika kila zamu swali ni lile lile la kama inafaa kula sasa au kutakata na kujipanga, na kama nyumba ilindwe au ichezwe. Mzee anayekaa chini ya mwembe akiwa ameshika kete mkononi kwa dakika nzima, huku watazamaji wakiguna, hafikirii kwamba mchezo umesimama. Gemu ya zamu humpa nafasi mtu wa aina hiyo, pamoja na mtu mzima ambaye vidole vyake havina tena kasi ya mtoto wa miaka 12, na hilo ni jambo ambalo gemu nyingi za leo zimelisahau.

Hata hivyo ulinganisho na bao hufika mahali ukakatika, na hapo ndipo udhaifu mkubwa wa mkondo huu unapojitokeza. Mshindi wa bao wa jana haanzi leo na kete 40. Anaanza na kete zake 32 kama mpinzani wake, na ubingwa alionao umo kichwani mwake tu. Katika gemu ya Kijapani ubingwa unahifadhiwa ndani ya mashine kwa jina la daraja, yaani namba inayopanda kila mhusika anapokusanya pointi za uzoefu, na kila namba inapopanda, nguvu, afya na uchawi wa mhusika huongezeka. Katika Dragon Quest ya kwanza, zimwi dogo la ute la rangi ya buluu, ambalo sasa ni nembo ya mfululizo mzima, hutoa pointi 1. Daraja la 2 linahitaji pointi 7, la 3 linahitaji 23, na la 10 linahitaji 2,000. Hakuna ujanja unaoweza kuziba pengo hilo. Kuna kuzunguka tu porini, huku na huko, kuua mazimwi yale yale kwa amri zile zile, kazi ambayo vijana wa mjini wangeiita kusota bila kuhitaji tafsiri. Mtu anayefikiri na mtu asiyefikiri hufika mwisho kwa tofauti ya saa chache.

Utetezi wake upo, na si mwepisi. Horii alikusudia kwamba kila mtu aweze kumaliza, hata asiye na kipaji, maana asiyeweza kushinda kwa akili atashinda kwa subira. Ndiyo maana shujaa akiuawa hurudishwa mbele ya mfalme akiwa amepoteza nusu ya sarafu zake, lakini pointi zake zote anabaki nazo, hivyo hata kushindwa kunamwacha mbele kidogo ya alipokuwa. Hii ni huruma ambayo michezo mingi haina. Lakini huruma hiyo ilizaa uvivu wa utungaji: kwa miaka mingi watunzi walioishiwa mawazo waliongeza tu urefu wa ngazi ya pointi na kuita matokeo yake ukubwa wa gemu. Watengenezaji wenyewe wamekiri kasoro hiyo kwa vitendo, kwa kuweka amri zinazowaacha wahusika wapigane wenyewe bila mchezaji kugusa pedi. Na gemu ikishafika mahali pa kujicheza yenyewe, imekiri kwamba sehemu hiyo haikustahili kuchezwa.

Mfano mzuri wa mkondo huu katika utu uzima wake ni Dragon Quest XI, iliyotoka Japani tarehe 29 Julai 2017 na sehemu nyingine za dunia Septemba 2018. Ndani yake yumo kijana aliyelelewa kijijini, anayeambiwa kuwa yeye ndiye mwokozi aliyetabiriwa, akaenda kwa mfalme kutoa habari hiyo njema na kutupwa gerezani. Anatoroka pamoja na mwizi aitwaye Erik, kisha wanajikusanyia wasafiri wengine mmoja mmoja. Shujaa mwenyewe hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho. Wahakiki wengi wamehesabu ukimya huo kuwa kasoro, kwa sababu watu wengine wote wanalia, wanatania na kugombana mbele ya kijana anayetikisa kichwa tu, na malalamiko hayo yana haki yake pale kijiji chake kinapoteketezwa naye akabaki na uso ule ule. Ila ukimya huo una mantiki ambayo uwanda wa Makonde unaielewa kwa njia yake. Anayevaa lipiko, kile kinyago cha kichwani cha ngoma za jando na unyago, hufunikwa mwili mzima ili asitambulike, na nguvu ya lipiko inatokana na kutojulikana kwa aliyemo ndani. Shujaa asiyesema ni kinyago kilichoachwa wazi ili mchezaji yeyote akivae. Akianza kusema anakuwa mtu fulani, na mchezaji anabaki mtazamaji.

Walio pembeni ya shujaa ndio wanaoibeba hadithi. Sylvando, mchezaji wa sarakasi anayeingia kwa vituko na kuonekana wa kuchekesha tu, hufikia mahali pa kuongoza gwaride la wanaume waliokata tamaa baada ya dunia kuangamizwa, akiwarudishia furaha kwa ngoma na mavazi ya manyoya. Ni wachache katika gemu za aina hii walioandikwa kwa upendo kama huo. Upande wa pili wa shilingi ni uhafidhina. Wanawake wa gemu hii, hata wawe hodari kiasi gani vitani, bado wamewekewa mavazi na mizaha ya kuwafurahisha wavulana, mzaha uliorithiwa toka miaka ya 1980 bila mtu kuuliza kama bado unachekesha. Muziki wa toleo la kwanza, uliotolewa kwa sauti za kompyuta na kurudiwarudiwa mpaka sikio lichoke, ulibadilishwa kwa okestra halisi katika toleo la 2019, jambo linaloonyesha kwamba malalamiko yalisikika. Zito kuliko yote ni sehemu ya tatu ya hadithi. Baada ya mmoja wa wasafiri kufa akiwaokoa wenzake, na baada ya mchezaji kuomboleza naye kwa saa nyingi, gemu inamruhusu shujaa kurudi nyuma katika wakati na kuufuta msiba huo. Kilichokuwa kizito kinageuzwa kuwa kosa lililosahihishwa, na saa nyingi za majonzi zinapoteza thamani yake kwa furaha ya dakika chache.

Hapo inafaa kuitazama gemu nyingine, ambayo ina uhusiano wa karibu zaidi na Afrika Mashariki. Tales of Kenzera: Zau ilitolewa tarehe 23 Aprili 2024 na Surgent Studios, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa na mwigizaji Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitunga kutokana na msiba wa baba yake. Kwa kanuni si gemu ya kuigiza mhusika ya jadi, maana ni ya kuruka na kupigana papo kwa papo, lakini malighafi yake ni ile ile ya shujaa, safari na mizimu. Zau ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake, na hupigana kwa kubadilisha vinyago viwili, cha Jua na cha Mwezi, kila kimoja kikiwa na nguvu zake. Inakwisha kwa saa 8 hadi 10 hivi, na inathubutu kufanya kile ambacho Dragon Quest XI ilikikwepa: inamwacha marehemu awe marehemu. La muhimu zaidi kwa msomaji wa Kiswahili ni kwamba wahusika wake wanaweza kusikika wakizungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Kabla yake, sauti ya Kiswahili iliyojulikana zaidi katika gemu ilikuwa wimbo wa Baba Yetu wa Christopher Tin, uliotungwa kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005 na kushinda tuzo ya Grammy mwaka 2011, wa kwanza kutoka gemu kufanya hivyo; dunia iliuimba, na gemu yenyewe ikaendelea kwa Kiingereza.

Saa 10 dhidi ya saa 60 si jambo dogo. Hadithi kuu ya Dragon Quest XI peke yake huchukua saa 50 hadi 60, na mwenye kutaka kuona kila kitu huzidi 80. Katika miji midogo ya Tanzania gemu huchezwa kwenye vibanda, ambako televisheni moja na pedi mbili huwahudumia vijana wengi wanaolipa kwa mechi, na mechi ya mpira ya dakika chache huingia katika biashara hiyo kama mkono katika glovu. Hakuna mwenye kibanda anayeweza kumuuzia mteja mmoja safari ya saa 60, wala mteja mwenyewe hana hizo saa msimu wa korosho unapoanza, kuanzia Septemba hivi hadi Desemba. Tena gemu za zamani za aina hii zilihifadhi maendeleo mahali maalumu tu. Katika ile ya kwanza mchezaji alilazimika kurudi kwa mfalme, apewe fumbo la herufi 20, aliandike kwenye karatasi na kuliingiza upya siku ya pili, na kwenye Dragon Quest II fumbo hilo lilifika herufi 52. Umeme ukikatika kabla ya kufika kwa mfalme, au herufi moja ikiandikwa vibaya, jioni nzima imepotea. Simu imepunguza sana matatizo haya: tangu 2014 Dragon Quest ya kwanza inapatikana kwenye simu janja, inahifadhi vizuri, na mapambano ya zamu yanafaa kwa mtu anayesubiri daladala, kwani anaweza kuiweka simu mfukoni katikati ya vita na kuikuta vita inamsubiri.

Kinachobaki ni maneno, na hapa simu haisaidii. Gemu ya mpira inaeleweka bila kusoma. Gemu ya Kijapani isiposomwa haina maana yoyote, kwa sababu zawadi ya kila pambano ni sehemu nyingine ya hadithi. Dragon Quest XI inasomeka kwa Kijapani, Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine kubwa za Ulaya na Asia, na Kiswahili hakimo. Mwanafunzi wa Chiungutwa anayesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishiwa kidato cha kwanza, atakutana ndani ya gemu hii na Kiingereza cha namna ngumu zaidi: wakazi wa mji mmoja wanazungumza kwa lafudhi ya Kiitaliano, wa kijiji kingine wanajibu kwa haiku, shairi fupi la Kijapani la mizani 5, 7 na 5, na nguva wa baharini wanasema kwa vina. Tafsiri hiyo ya Kiingereza inasifiwa sana, na inastahili, lakini ina kejeli ndani yake: Kijapani ni lugha ambayo karibu kila silabi huishia na irabu, na washairi wake huhesabu mizani kama wanavyofanya washairi wa Kiswahili, kwa hiyo haiku ingehamia Kiswahili bila jasho, na nguva angevaa utenzi wa mizani 8 kana kwamba umeshonwa kwa kipimo chake. Kinachokosekana ni soko, maana hakuna kampuni itakayolipia kutafsiri maneno mengi kiasi hicho kwa wasomaji ambao wengi wao hawana kadi ya benki ya kununulia gemu mtandaoni.

Ukanda huu lakini umewahi kulitatua tatizo la namna hiyo bila kungoja kampuni. Lufufu alipata jina Tanzania kwa kutafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, sauti yake ikipita juu ya sauti za waigizaji, akiongeza vichekesho na maelezo yake; Kenya wanaye DJ Afro, na Uganda kazi hiyo ina majina yake. Kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea filamu, watu hulipa pengine zaidi kwa ajili ya msimulizi kuliko kwa ajili ya filamu. Adui wa msimulizi wa filamu siku zote ni kasi, kwa kuwa filamu haimsubiri, naye hulazimika kukata maneno au kuyakimbiza. Gemu ya Kijapani ya jadi ingemwondolea adui huyo, kwa kuwa kisanduku cha maneno hubaki kwenye skrini hadi kitufe kibonyezwe. Ile tabia ya kusubiri iliyoonekana kuwa uzembe ingempa msimulizi muda wa kutosha, na hadhira ya kibandani ingeondoa upweke wa mchezo ambao Japani huchezwa mara nyingi na mtu mmoja chumbani.

Fikiria kipande kimoja tu. Katika Dragon Quest XI yupo nguva aitwaye Michelle anayemngoja mvuvi mpenzi wake, naye hajui kwamba maisha ya binadamu ni mafupi na kwamba mvuvi huyo alikwisha kufa zamani. Shujaa asiyesema ndiye anayetumwa kuleta jibu. Akimweleza ukweli, nguva atapanda nchi kavu kuona kwa macho yake, na uhai wake utayeyuka kama povu. Akimdanganya, ataendelea kungoja juu ya jiwe lake bila mwisho. Kwenye skrini yanatokea maneno mawili, ndiyo na hapana, na mashine inanyamaza. Pale kibandani, msimulizi hana haja ya kuharakisha: anaweza kuwageukia waliokaa kwenye mabenchi na kuwauliza aambiwe au asiambiwe, na kabla kidole hakijagusa pedi mabishano yatakuwa yamekwisha kuanza.